Tusidanganyane na Kipaji: Utetezi wa Mstari, Duaradufu na Boksi

Mwezi uliopita nilikwenda kwenye uzinduzi wa kitabu cha watoto hapa Dar es Salaam. Hadithi nzuri, karatasi nzuri, soda na sambusa zipo. Nilipopewa nafasi ya kusema neno, nikasema lililokuwa moyoni: hadithi imenifurahisha, picha zimeniumiza. Ukurasa wa tatu kuna bibi anakunywa chai, na kikombe chake kina mdomo wenye ncha mbili kama mtumbwi, halafu kitako chake kimenyooka kama kimekatwa kwa msumeno. Mbele kidogo kuna kitanda ambacho miguu yake minne imesimama kwenye sakafu nne tofauti. Nikasema mchoraji huyu ana jicho zuri la rangi, ila hakupata mtu wa kumfundisha kuchora boksi.

Ukumbi ukanyamaza. Kisha akasimama mzee mmoja, mhakiki ambaye nimemsoma tangu nikiwa sekondari. "Mwanangu," akaniambia, "mtoto wa Kiafrika hahitaji maboksi ya Wazungu. Anahitaji uhuru. Kipaji hakifundishwi." Watu wakapiga makofi. Mimi nikajibu, "Nimekusikia, mzee," nikakaa, maana si adabu kubishana na mtu wa umri wa baba yangu mbele ya wageni. Lakini kukaa siyo kukubali. Majibu yangu ni haya.

Nianze na hilo neno, kipaji. Nimelisikia tangu nikiwa darasa la tatu. Nilikuwa nachora magari na wachezaji mpira nyuma ya madaftari, na kila mtu mzima aliyeona alisema, "Huyu ana kipaji." Baada ya hapo hakuna aliyefanya lolote. Ndiyo kazi ya neno hilo, jamani: linamaliza mazungumzo. Ukishasema mtoto ana kipaji, huna haja ya kumtafutia mwalimu, maana Mungu keshamaliza. Ukisema hana, pia huna haja ya kumtafutia mwalimu. Kote kuwili mtu mzima amepona na mtoto amebaki peke yake na penseli yake.

Mimi nilibaki hivyo mpaka nilipomaliza kidato cha nne, nikaenda kukaa kwa mjomba wangu, fundi seremala wa Keko. Siku moja akaja mama mmoja anataka kabati la vyombo. Mjomba akaniita: "We si ndo mchoraji? Hebu mchoree mama." Nikachora kwa mbwembwe zote. Nikatia kivuli, nikatia maua kwenye milango, nikatia na sahani ndani. Yule mama akaliangalia kwa muda, akasema, "Mwanangu, mbona linaanguka?" Na kweli lilikuwa linaanguka. Upande wa kulia ulikuwa unakwenda Mbagala, upande wa kushoto unakwenda Kariakoo.

Mjomba hakunicheka. Alichukua ile penseli yake bapa ya useremala, akageuza kipande cha plaiwudi, akapiga mistari tisa. Tisa tu, nimeihesabu mara nyingi baadaye: boksi linaloonekana pande tatu lina kingo tisa. Halafu akaligawa kwa milango na rafu. Kabati likasimama pale kwenye plaiwudi kama unaweza kulifungua. Mama akatoa fedha ya kuanzia kazi papo hapo. Mjomba hajawahi kuitwa msanii hata siku moja, wala hana kipaji anachojua yeye. Alikuwa na boksi. Mimi mwenye kipaji sikuwa nalo.

Sasa tuelewane ninazungumzia nini, maana nasikia watu wanaogopa majina. Mazoezi yenyewe ni matatu.

La kwanza ni mstari. Weka nukta mbili kwenye karatasi, ziunganishe kwa mstari mmoja, bila rula na bila kurudiarudia. Wengi wetu tunachora mstari kama tunapapasa gizani: kipande, kipande, kipande, mpaka unaota nywele. Tunafanya hivyo kwa sababu tunachora kwa kifundo cha mkono, na kifundo ni kifupi. Kikigeuka kinatoa tao. Mstari mrefu unatoka begani. Unapitisha mkono hewani juu ya nukta zako mara mbili tatu mpaka mkono uijue njia, halafu unashusha kalamu na unakwenda bila kusita. Ukikosea, umekosea. Chora mwingine. Ndiyo maana nashauri kalamu ya wino badala ya penseli: hakuna raba ya kukuliwaza.

La pili ni duaradufu, yaani umbo linaloonekana mduara ukilala mbele yako. Chukua glasi. Inua mpaka ukingo wa mdomo uwe sawasawa na macho yako: mdomo umekuwa mstari. Ishushe taratibu: mdomo unafunguka, unakuwa duaradufu jembamba, kisha nene zaidi. Sasa tazama kitako. Kiko chini zaidi ya mdomo, kwa hiyo kingekuwa wazi kingeonekana kimefunguka zaidi ya mdomo. Ndiyo sababu kitako cha kikombe hakiwezi kunyooka wakati mdomo umepinda. Na duaradufu halina ncha hata moja, pande zote linazunguka. Gurudumu la baiskeli ni lilelile: mhimili wake mfupi unafuata ekseli. Ukiukosa, baiskeli yako itaonekana imegongwa na lori.

La tatu ni boksi. Simama salama mahali unapoiona reli ikinyooka kwenda mbali, utaona vyuma viwili vinakaribiana mpaka vinakutana kwenye upeo wa macho. Nukta ile ya kukutania ndiyo bosi wa mchoro wote. Kila ukingo unaokwenda upande ule unaelekea pale. Unachora boksi kwa mkono, halafu unachukua kalamu ya rangi nyingine, unairefusha mistari yake ili uone kama inakaribiana au inatawanyika. Itatawanyika. Mabox ya mwanzo yote hutawanyika. Unachora jingine. Ukifika la mia utaanza kuona kosa kabla kalamu haijagusa karatasi, na siku hiyo utaanza kuona maboksi kila mahali: daladala ni boksi lililokwanguliwa pembe, nyumba ni boksi lenye kofia, hata kichwa cha mtu kina pande zake.

Mimi nilifanya hivyo nusu saa kila siku, kwa miezi minane, nikamaliza kaunta buku nne. Gharama yake ilikuwa madaftari na biki. Hakuna ubeberu uliopita hapo.

Ndiyo, najua, mzee wangu alisema ni maboksi ya Wazungu. Hapa ndipo nataka tubishane kwelikweli.

Ni kweli kwamba Filippo Brunelleschi wa Florence ndiye aliyeonyesha kanuni ya nukta ya kukutania mwanzoni mwa karne ya 15, na Leon Battista Alberti akaiandikia kitabu mwaka 1435. Lakini Waitalia hao walikuta elimu ya macho na mwanga ambayo kwa sehemu kubwa ilipita kwa Ibn al-Haytham, mtu wa Basra aliyefanya kazi Kairo na kufariki yapata mwaka 1040. Kitabu chake juu ya namna jicho linavyoona kilitafsiriwa kwa Kilatini na kusomwa Ulaya kwa karne kadhaa. Kwa hiyo ukitaka kulipa boksi pasipoti, jiandae kugonga mihuri mingi. Na reli haiulizi kabila la anayeitazama.

Kuna jambo la pili, na ndilo linaloniuma zaidi. Hili wazo kwamba Mwafrika asifundishwe kanuni za kuchora, aachwe na asili yake, unajua lilitoka wapi? Mwaka 1946, mjini Elisabethville, ambao leo ni Lubumbashi, Mfaransa Pierre Romain-Desfossés, aliyewahi kuwa ofisa wa jeshi la majini, alifungua karakana ya uchoraji iliyojulikana kama Le Hangar. Hakutaka vijana wake wafundishwe kanuni za Ulaya. Watafute ndani mwao na katika mazingira yao. Huko Makerere, Margaret Trowell, Mwingereza aliyeanzisha mafunzo ya sanaa katika miaka ya 1930, alihofia kwamba mbinu za Ulaya zitawaharibia wanafunzi wake jicho lao wenyewe. Yeye mwenyewe alikuwa amesoma Slade, London. Kufundishwa hakukumharibu yeye, ila kungewaharibu wao.

Sisemi watu hawa walikuwa wabaya. Trowell alipigania sanaa ipate nafasi chuoni wakati wakoloni wengi hawakuona haja yake. Kutoka Le Hangar wametoka Pilipili Mulongoy na Mwenze Kibwanga, na samaki na ndege wa Pilipili ni raha ya macho mpaka leo. Ninachosema ni kwamba uamuzi wa nini Mwafrika ajue na nini asijue ulifanywa na mtu mwingine, tena mtu aliyekuwa na elimu hiyo mfukoni. Sasa leo sisi tunasimama kwenye ukumbi wetu, kwa Kiswahili chetu, tunarudia maneno yale yale tukidhani tunajikomboa. Kumkomboa mtoto kwa kumnyima kanuni! Akijua boksi akaamua kulitupa, huo ni uhuru wake. Asipolijua, hana cha kuamua.

Mfano upo. Sam Ntiro wa Kilimanjaro alisoma kwa Trowell, kisha akaenda Slade kuleee London katika miaka ya 1950. Kanuni zote zilikuwa mbele yake. Akarudi na kuendelea kuchora vijiji vya Wachagga, migomba na watu kazini, kwa mtindo wake ule ule wa wazi usiotafuta kina. Slade haikumgeuza. Mtu aliyejua anataka nini aliisikiliza, akachukua alichotaka. Anayedhani maboksi mia mbili yatafuta utamaduni wa mtu, basi ana imani ndogo sana na utamaduni wenyewe.

Nitaambiwa: na Tingatinga je? Edward Saidi Tingatinga hakusoma Slade wala popote pa sanaa. Alianza mwishoni mwa miaka ya 1960, kwa rangi za mafuta za kupakia baiskeli, juu ya vibao vigumu vya kujengea. Alifariki 1972, na jina lake limekuwa jina la mtindo mzima. Sawa kabisa. Na katika picha zake hakuna nukta ya kukutania, wala haihitajiki. Lakini hebu tazama mstari wake. Mgongo wa mnyama unakwenda kwa mkupuo mmoja. Rangi ile inakauka ikiwa na mng'ao na haina msamaha. Ukitetemeka, mtetemo unabaki. Na waliomfuata walijifunzaje? Kwa kukaa kando ya ndugu na wajomba, kunakili, kupaka usuli, kutia nukta, kurudia na kurudia. Yaani kwa mazoezi. Tingatinga ni ushahidi wangu mimi, mzee. Hana boksi, mstari anao, na mstari haukuletwa na malaika.

Ukweli ni kwamba sisi watu wa pwani na bara hatujawahi kuamini kipaji kwenye mambo tunayoyaheshimu. Chuoni, mimi nilipokuwa mtoto, maalimu alitupa alif tuiandike. Mstari mmoja wa wima, basi. Ukiinama, unarudia. Ukinenepa chini, unarudia. Hakuna mzazi aliyekwenda kumwambia maalimu, "Muache mwanangu aandike alif yake kwa uhuru." Anayesuka mkeka anaanza na ukili mwembamba ulionyooka, na asiponyoosha ukili, mkeka utamsema. Anayejifunza udi anakaa na vidole vyake mpaka vinaota sugu. Na sisi wa fasihi ndiyo tusiseme kabisa: tumehesabiana mizani kumi na sita katika kila mshororo, nane kwa nane, tukaitana majina kwa ajili ya kina kimoja kilichopotea. Kichomi cha Euphrase Kezilahabi kilipotoka mwaka 1974 tuligombana juu ya nani ana haki ya kuzivunja kanuni hizo. Ugomvi mzuri ule, kwa sababu pande zote mbili zilijua kinachovunjwa ni nini. Kwa nini kwenye ushairi tudai mizani, na kwenye kuchora tuseme "kipaji hakifundishwi"?

Nitasema sababu, na samahani kwa ukali. Ni kwa sababu kuchora hatukuheshimu. Tunakuita mchezo. Shuleni kwetu kipindi cha kuchora kilikuwa cha mwalimu kupumzika. Halafu mwalimu wa baiolojia anakuja anasema: mchoro uwe na mstari mmoja safi usiokatika, bila kivuli, na maksi zinakatwa. Mstari mmoja safi! Nani alitufundisha? Hakuna. Waliopata maksi wakaambiwa wana kipaji.

Na wenye nacho, niwaambie, hawaamini kipaji hata siku moja. Mtoto wao akipenda piano wanamwekea mwalimu. Akipenda kuogelea wanamwekea mwalimu. Kipaji ni mahubiri tunayowahubiria watoto wasio na mtu wa kuwalipia. Yule kijana aliyechora kitanda chenye sakafu nne, nimezungumza naye baada ya uzinduzi. Anaishi kwa kuchora mabango ya saluni. Hakukasirika. Aliniuliza, "Kaka, hilo boksi linafundishwa wapi?" Katika ukumbi wote ule wa watetezi wa uhuru wake, yeye peke yake aliuliza swali hilo.

Swali lake lina njaa ndani yake. Mchapishaji mmoja, jina nalihifadhi, aliniambia wazi kwamba anafikiria kuacha kuwatumia wachoraji, atumie picha za akili mnemba, eti ni rahisi na "zimenyooka." Hoja ya utamaduni haitamzuia. Kitakachomzuia ni kijana anayeweza kukaa mezani kwake, akachora jiko la mkaa, ndoo, kigoda na mbuzi kutoka upande wowote anaotaka mwandishi, leo hii, kwa kalamu, na akamwonyesha kwa kidole mahali ambapo mashine imekosea mguu wa kigoda. Mbuzi ya kukunia nazi, nieleweke, siyo mbuzi wa kuchinja. Na mashine hapo imeshachanganyikiwa.

Lakini nisiwe mnafiki. Wapo pia wagonjwa wa maboksi. Nawajua, nimekuwa mmoja wao. Kuna miezi katika ile minane ambayo sikuchora kitu kingine. Boksi zilikuwa zimenyooka kama kambi ya jeshi, na mama yangu alipoomba nimchore, nikaogopa uso wake. Mazoezi yanaweza kuwa maficho kama kipaji kilivyo maficho. Anayehubiri maboksi tu anamdhulumu mwanafunzi vilevile. Kwa hiyo kanuni yangu siku hizi ni nusu kwa nusu: ukichora nusu saa ya mazoezi, nusu saa nyingine chora unachokipenda, kibaya au kizuri, na usimwonyeshe mtu. Hapo mzee ana haki, uhuru ni wa lazima. Ninachokataa ni kuutaja uhuru ili kukwepa kufundisha.

Na sisi wahakiki tuna dhambi yetu. Tunaandika mapitio ya kitabu cha watoto, aya nane juu ya dhamira, wahusika na maadili, halafu mwishoni: "picha zinavutia." Zinavutia! Mtoto wa miaka mitano hasomi dhamira, anasoma kikombe. Anaona kinavyokaa mezani, anaona kama bibi anaweza kukishika. Akikuta dunia ya kitabu imepinda bila sababu, anajifunza kwamba vitabu vyetu ni vitu vya kuvumiliwa. Tuanze kuzitazama picha kama tunavyozitazama sentensi. Tuseme mstari uko wapi na umekosa wapi. Tumtaje mchoraji kwa jina, kwa sifa na kwa lawama. Hiyo ndiyo heshima. "Zinavutia" ni dharau yenye adabu.

Yule kijana wa mabango tumeanza naye. Jumamosi mbili sasa, kwenye baraza ya nyumba ninayopanga, mimi, yeye na mdogo wake wa kike aliyekuja kumsindikiza akakuta kalamu. Mistari ya kaka bado ina nywele. Ya mdogo mtu imeanza kunyooka, na najizuia nisiseme lile neno.

Mzee wangu, shikamoo tena. Sijakuvunjia heshima, wewe ndiye uliyenifundisha, kupitia maandishi yako, kwamba hoja hujibiwa kwa hoja. Jumamosi ijayo karibu barazani saa kumi alasiri. Chai itakuwepo, na kikombe chako kitakuwa juu ya meza, chini kidogo ya macho yako. Nitakupa biki, ukichore. Kama kitako kitatoka kimenyooka, tutazungumza.